Ni Marufuku Kucheka

LYDIE: Haloo? Haloo, ni nani? Hii numero siiyue.

ADALBERT: Haloo, jambo. Ni—

LYDIE: Sema kwa nguvu, réseau inakwaruza! Nani?

ADALBERT: Ni miye, Adalbert. Nimeomba simu ya bibi yangu wa ndoa, Chancelvie. Ukiona numero yangu haushike.

LYDIE: Aaa! Patron! Monsieur le Directeur mwenyewe! Ngoja nikae muzuri.

ADALBERT: Jambo, yaya Lydie.

LYDIE: Leo ni "yaya", dada mukubwa? Mwezi ya tano, siku ulinifukuza kazi, nilikuwa "Madame, chukua sac yako."

ADALBERT: Yaya, tafazali. Unayua Papa alikufa.

LYDIE: Nayua. Leo siku ya tatu. Kamalondo nzima inayua. Papa Dominique, ule alifungua atelier na mashini moja ya kukanyaga, ule alitufundisha siye bote kushona, amekufia kule Golf, mutaa ya batajiri, katikati ya bantu basiomuyua. Nimelia mupaka macho ikavimba. Weye umelia?

ADALBERT: Sijapata nafasi.

LYDIE: Hm.

ADALBERT: Iko hivi. Tunapaswa kumuzika saa tisa. Sasa ni saa saba, gari iko inje, Padiri amefika. Lakini Mama Simone—

LYDIE: Ndugu ya Papa, ule wa Mitwaba? Amefika?

ADALBERT: Jana. Siku mbili njiani, juu ya camion. Sasa ameikala chini ku mulango, amenyoosha miguu, anasema sanduku haitoke.

LYDIE: Juu ya nini?

ADALBERT: Unayua juu ya nini.

LYDIE: Siyue. Niambie. Nataka niisikie na kinywa yako.

ADALBERT: Juu... juu butani haiko. Siku tatu bantu banaikala ku viti sawa benye kungoja munganga. Mama Simone anasema ndugu yake hawezi kutoka ndani ya nyumba kama mutani wa ukoo hajamutukana, hajavaa kofia ya mufu, hajachekesha bantu. Anasema mufu mwenye kutoka kimya ni sawa mwizi mwenye kuzikwa na serikali.

LYDIE: Ni kweli. Na mutani wenu ni nani?

ADALBERT: Yaya...

LYDIE: Nakuuliza. Ni nani?

ADALBERT: Ni weye. Ukoo yenu na ukoo yetu, tangu bankambo, babu zetu.

LYDIE: Voilà. Basi tuseme muzuri. Ulimufukuza mutani wa baba yako juu alicheka. Leo unamutafuta akuye kuchekesha bantu. Nimesikia muzuri, ao ni réseau?

ADALBERT: Haikuwa juu ya kucheka. Ilikuwa discipline ya—

LYDIE: Ilikuwa juu ya kucheka! Siku ya lundi, siku ya kwanza ya kazi, mbele ya baclient! Marceline alishona patalo, miguu yote mbili ya kushoto. Nilicheka. Mwenyewe Marceline alicheka. Tukafumua, tukashona tena, nusu saa, kazi ikaisha. Weye ukatoka ku bureau: "Madame, chukua sac yako." Miaka kumi na kenda, Adalbert! Na mbele ya ile nilikubeba ku mugongo, uko mutoto!

ADALBERT: Kazi ilikuwa inachelewa, yaya. Kila saa kumi munazima mashini, munakunywa chai, munacheka robo saa nzima—

LYDIE: Papa njo aliiweka, ile saa kumi! Alisemaka: nguo yenye kushonwa na kisirani inabana mwenye kuivaa. Furaha kwake haikuwa kitu ya siku ya feti. Ilikuwa ya kila siku, sawa bukari ku sahani. Kwanza kicheko, kisha mukasi. Na nguo ya batoto ba masomo, mwaka kwa mwaka, ilichelewa siku moja?

ADALBERT: Hapana.

LYDIE: Na sasa, na ile kimya yako?

ADALBERT: Sasa inachelewa.

LYDIE: Si nayua! Bashonaji benyewe bananipigiaka simu. Djo alipitisha sindano ya mashini ku kidole, akameza kilio yake, juu alizani kulia nayo imekatazwa.

ADALBERT: Hakuniambia.

LYDIE: Nani anakuambiaka kitu, weye?

ADALBERT: Yaya, nakubali yote. Nilikosa. Kuya tu. Natuma gari sasa hivi ikuchukue kule Kamalondo—

LYDIE: Inilete wapi?

ADALBERT: Hapa. Ku nyumba, ku Golf.

LYDIE: Ku ile portail, mulango ya inje ya bleu? Naiyua kuliko weye mwenye kuijenga. Kila siku ya mungu, mara moja kwa juma, kisha misa, nilikuwa nafika pale na munkoyo, ile kinywaji ya mahindi Papa alipenda, ku kopo. Na kila siku ya mungu sentinelle wako, ule mulinzi, ananiambia: "Mama, patron amesema mugonjwa anataka kimya." Ile munkoyo nilikuwa namupatia yeye, arudi nayo nyumbani. Siku ya mungu kumi na saba!

ADALBERT: Munganga alisema—

LYDIE: Munganga alisema nini? Papa asicheke?

ADALBERT: Apumuzike.

LYDIE: Upande moja ya mwili ilikufa, kinywa haikusema tena, sawa. Mais kucheka alikuwa anaweza! Kule ku hôpital, mbele hamujamuhamisha ku Golf, nilivaa kofia yake, nikaweka mètre ya kupimia nguo ku shingo, nikatembea sawa yeye, matako nyuma, natafuta miwani yenye iko ku pua. Alicheka na nusu ya uso. Nusu tu, na ilitosha chumba nzima. Weye ulikuwa pale ku mulango. Uliona.

ADALBERT: Niliona.

LYDIE: Uliona, na kisha ukanifungia.

ADALBERT: Yaya... Chancelvie njo aliniambia jana. Siku ya mungu, asubui, Papa alikuwa anagonga kitanda mupaka bamuweke ku dirisha. Alikuwa anaangalia portail. Siye tulizani anataka jua.

LYDIE: Usinipige na ile neno.

ADALBERT: Si kwa ubaya—

LYDIE: Usinipige na ile, nakuambia! Asubui nilikuwa nimekasirika tu. Sasa njo nimekasirika kweli.

ADALBERT: [mtandao unakwaruza] ...inakwenda, saa inakwenda. Mama Simone ametoa na viatu sasa. Anasema atalala pale pale.

LYDIE: Namukubali huyu mama. Sikia. Ile mulango sitaipita, niliapa mbele ya Mungu. Papa nitamungoja kwa makaburi. Kule hamuna sentinelle. Mais butani siwezi kuikatala, ni ya mufu, haiko yako. Nitaifanya ku simu.

ADALBERT: Ku simu? Inawezekana?

LYDIE: Weye njo utakuwa mikono yangu. Ile règlement ya atelier, ile karatasi ya sheria zako, uko nayo?

ADALBERT: Règlement gani?

LYDIE: Ile ulibandika ku ukuta, pa nafasi ya picha ya Papa.

ADALBERT: Iko... iko ku simu yangu ingine. Juu ya nini?

LYDIE: Chukua. Ingia katikati ya kilio, simama karibu na sanduku. Vaa kofia ya Papa. Kisha soma article ya ine, na sauti ile ile ulitusomea.

ADALBERT: Yaya, hapana. Kuko bantu bakubwa hapa. Kuko bakwe, kuko bapatron ba kampani—

LYDIE: Basi Mama Simone alale.

ADALBERT: Unataka kunipatisha haya.

LYDIE: Ndiyo. Sikufiche. Naitaka sana, kuliko bukari na sombe.

ADALBERT: Mbele ya mufu?

LYDIE: Mbele yake zaidi. Mwenye kovu usizani amepona, Patron. Vaa kofia.

ADALBERT: [sauti za watu, viti vinasogezwa] ...Nimevaa. Ni kubwa, inaniangukia ku masikio.

LYDIE: Kichwa yake ilikuwa na kitu ndani. Soma.

ADALBERT: Ba... bazazi, bandugu, samahani. "Article ya ine. Ni marufuku..."

LYDIE: Sikusikia!

ADALBERT: "Ni marufuku, saa ya kazi, kucheka, kuimba, kutaniana, kupiga miluzi—"

LYDIE: Ya mwisho usiiruke.

ADALBERT: "—ao kufurahi kupita kiasi, bila ruhusa ya maandiko ya Directeur."

LYDIE: Haloo? Inakuwa je?

ADALBERT: Banainamisha vichwa. Mama Simone ananiangalia... Anauliza nani aliandika ile.

LYDIE: Mujibu.

ADALBERT: Ni miye, Mama. ...Ndiyo, peke yangu. ...Hapana, sikuwa na homa.

LYDIE: Anasema nini?

ADALBERT: Yaya, acha.

LYDIE: Anasema nini, Adalbert?

ADALBERT: Anauliza kama... kama ile usiku ya kunizaa, baba yangu alipataka ruhusa ya maandiko.

LYDIE: [anapasuka kwa kicheko] Eee, Mama Simone! Eee, Mitwaba!

ADALBERT: Banacheka. Yaya, bote banacheka. Djo ameanguka na kiti. Marceline anashika tumbo. Padiri amejificha nyuma ya kitabu, mabega inatikisika.

LYDIE: Nasikia. Usitoe kofia!

ADALBERT: Ni miye njo bananicheka.

LYDIE: Ulizani nani?

ADALBERT: Hata Chancelvie, bibi yangu... Ngoja. Ngoja. Mama Simone anasimama. Anapiga sanduku na mukono, anasema, "Muzee, umesikia? Sasa unaweza kwenda." Anatoka ku mulango. Yaya, ameacha njia, sanduku itapita!

LYDIE: Njo hivyo.

ADALBERT: Mi... siyue... nilizani nacheka, kumbe nalia.

LYDIE: Lia. Hakuna mwenye kukufukuza.

ADALBERT: Aksanti. Aksanti sana, yaya. Sikia, siku ya lundi rudia kazi. Ile karatasi naipasula mbele ya bote. Saa kumi, chai, kicheko, yote sawa zamani. Weye njo utakuwa mukubwa wa atelier.

LYDIE: Hapana.

ADALBERT: Namna gani, hapana?

LYDIE: Mufu siwezi kumukatala. Muzima naweza. Siku ya lundi nafungua atelier yangu, nyuma ya soko. Mashini tano tu, ingine nimeiazima kwa ndugu. Marceline anakuya. Djo anakuya na kidole yake. Bote banakuya.

ADALBERT: Bote?

LYDIE: Bote. Ni Papa njo tulikuwa tunachunga, asisikie vibaya. Sasa hakuna tena wa kuchunga. Siku ya lundi ukifungua mulango utaikuta ile kimya ulikuwa unatafuta, nzima nzima, hata mashini haitakusumbua.

ADALBERT: Yaya... unanifanyia hivi siku ya kuzika baba yangu?

LYDIE: Weye ulinifanyia yeye angali muzima.

ADALBERT: [mtandao unakwaruza] Bananiita, banainua sanduku... Yaya, tuseme kwanza, unité ya simu ya Chancelvie inai—

LYDIE: Enda. Shika sanduku upande ya kichwa, njo nafasi ya mutoto. Kwaheri, Patron.