Kaka Yetu, Wakala wa Madereva Waliokataliwa

Ndugu, majirani na wote mliokuja kulia pamoja nasi, mnaombwa mkae, maana karatasi hii itasomwa polepole, na anayeisoma ni mdogo wa marehemu, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yao.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya mabasi, ambako baba yake alikuwa fundi wa breki. Alianza shule ya msingi ya kanisani mwaka 1966, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, na Januari iliyofuata akaajiriwa kuwa karani wa bima za magari, meza yake ikiwa karibu na mlango, wanapopita madereva waliokataliwa, wenye ajali nyingi, waliowahi kunyang'anywa leseni, na hao ndio waliomwingia moyoni.

Tarehe 16 Juni 1984 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, na Mungu akawajalia mabinti wawili, mwaka 1986 na 1990.

Mwaka 1989 alifungua ofisi yake, chumba kimoja juu ya duka la betri, akawa wakala wa bima wa wale ambao wengine hawakutaka hata kuwaona. Hakuwaandikia kwa huruma tu. Kila dereva alizunguka naye saa nzima, kutoka kituo cha mafuta hadi soko kuu, darajani na kurudi, yeye ameketi kiti cha mbele bila kusema neno, hatazami barabara, anatazama miguu ya dereva, kisha anadai cheti cha daktari, kisha anasoma maswali ya fomu kwa sauti, moja moja. Walimwita Kiti cha Mbele, wakataniana kwamba afadhali hakimu, hakimu angalau hukohoa. Aliowakataa aliwarudisha kwa mwalimu wa udereva, na baadhi yao wapo hapa leo, wazima.

Tarehe 9 Agosti 2011 alikuja dereva wa gari la mikate, aliyekwisha kukataliwa na kampuni tatu kwa ajali mbili, naye alikuwa mdogo wake. Alizungushwa kama wengine, miguu yake ikaonekana mizuri, lakini cheti cha daktari hakudaiwa, maana ni tumbo moja. Marehemu akasoma swali la kumi na moja, kama amewahi kuanguka au kupoteza fahamu, mdogo wake akacheka, akasema, "Kaka, tumelala kitanda kimoja miaka kumi, si ungeniona?" Marehemu akauliza tena, akajibiwa hapana, akaweka alama.

Mchana wa tarehe 22 Novemba mwaka huohuo, mdogo wake alipoteza fahamu kwenye usukani, gari likaacha barabara na kumbana muuza magazeti ukutani, akakatwa miguu yote miwili. Wapelelezi wa kampuni ya bima walipata kadi ya hospitali ya mdogo wake, iliyoandikwa dawa za kuzuia kuanguka. Marehemu alipoitwa, alisema yeye ndiye aliyesahau kuuliza, akaweka alama kwa mazoea, na mdogo wake, aliyekaa kando yake, mwenye mtoto mchanga nyumbani, akanyamaza.

Tarehe 3 Februari 2012 alifutiwa uwakala, bango likashushwa, na watu, hata wa kanisani, wakasema mzee yule alikuwa mzembe siku zote. Kila Alhamisi alimsukuma muuza magazeti kwenye kiti cha magurudumu hadi kliniki, na muuza magazeti akamtania kwamba sasa amehamishiwa kiti cha nyuma.

Oktoba 2023 alipatwa na kiharusi, ulimi ukawa mzito, na Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, Bwana alimwita katika wodi namba sita. Mdogo wake alikuwa kwenye ngazi, akipanga maneno aliyochelewa kuyasema miaka kumi na miwili.

Kwa kuwa historia ya mtu husomwa mbele za Mungu, mdogo wake anayasema sasa. Marehemu hakusahau kuuliza. Mdogo wake alikuwa ameshaanguka mara mbili, bafuni na ghalani kwa mwajiri wake, akaficha asikose kazi. Hajashika usukani tangu siku ile, na kampuni ikimhitaji, anakaa nyumba ileile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliotuletea maji na viti, mawakala wenzake waliokuja ingawa jina lake lilifutwa, na muuza magazeti, aliyeomba asukumwe hadi kando ya jeneza.

Kaka, uliuliza mara mbili. Jibu lilikuwa ndiyo. Pumzika kwa amani.