Mche Ndani ya Kivuko

Uvumi ulimganda mama yule tangu jana: eti mmea utambaao umeshaufikia msitu wa kisiwani, anakolinda bintiye. Ndani ya kivuko, wanawake wawili walikuwa wakibishana nyuma yake. "Pambo la baraza tu hili, shoga," alisema muuza maua, kapakata mche wa mmea huohuo. Fundi cherehani akamaka: "Pambo gani linanyonga miti? Kuna binti kule kisiwani anakwea hadi kileleni kuukata. Kipande kikidondoka, kinaota upya!" "Hana mume wa kumkataza?" "Thubutu! Mwanamke shoka yule."

Mama, akijua anayesifiwa ni bintiye, kifua kikamjaa fahari. Kivuko kikagusa gati. Muuza maua akauficha mche mkobani, akashuka nao kisiwani.

Jamani wasomaji, msivuke na mmea huu. Msifungie kuni kwa kamba zake. Msitupe vipande vyake mtoni.