Seth Mukhwana na Spesi Nne Mbele ya Herufi O

Seth Mukhwana alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, Shauri Moyo, kifungua mimba wa marehemu Mzee Mulama wa reli na Mama Everline Khavere. Alikuwa kilo nne na nusu. Mkunga aliomba kiti. Kwetu hatuzai sampuli.

Alisomea shule ya mtaa, akamaliza kidato cha nne 2002, akapata diploma ya kompyuta 2005. Binamu yake Phares, anayewasomea haya, aliachana na shule darasa la saba, na bado ndiye mwenye sauti kwa hii familia.

Mwaka wa 2009 hospitali moja ndogo ilimwajiri kuandika programu za rekodi. Alifunga ndoa na Elsie Adhiambo tarehe 6 Agosti 2011, wakahamia mtaa wa Tena.

Rekodi zilikaa kwa XML, maandishi yanayojipanga kama mti wa ukoo: mgonjwa, chini yake vipimo, chini yake majibu. Mti ukichapishwa ulitoka laini moja imebanana, daktari analalamika. Seth akaupanga, kila tawi laini yake, likisukumwa ndani na spesi, zile nafasi tupu za kibodi. Ukapendeza. Kumbe spesi ziliingia mpaka ndani ya majibu yenyewe.

Tarehe 9 Juni 2016 Elsie alikuwa anajifungua hospitalini humo humo, akavuja damu vibaya. Kompyuta ya maabara ikasema kundi lake la damu halijulikani. Seth akaangalia kioo. O ilikuwa pale, mbele yake spesi nne. Mtu anaona O. Mashine inaona kitu haijawahi kuona.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nimeziweka."

"Baba, toka kwa njia," Fadumo wa maabara akamwambia. "Napima na mkono."

Elsie alipona, Lorraine akazaliwa. Seth alirekebisha siku hiyo hiyo: tawi lenye matawi lisukumwe, tawi lenye maneno lisiguswe. Lakini hofu ilikataa kurekebishwa. Angeacha ugali ukipoa apigie kazini: "Hebu angalia tena yule mama wa wodi."

"Jitu zima unaogopa hewa?" Phares alimchokoza.

"Hiyo hewa karibu ininyang'anye bibi."



Presha ilimshika 2023, kiharusi Januari 2025. Kitandani alimwuliza nesi, "Soma jina langu hapo kwa kioo. Mbele yake kuna kitu?"

"Hakuna, baba."

"Soma tena."

Aliaga tarehe 3 Februari 2025, saa nane mchana, Elsie amemshika mkono.

Amewaacha Mama Everline, mkewe Elsie, watoto Lorraine na Austine, na binamu Phares. Phares alitaka kupanga majina ngazi ngazi kwa hii kadi ya mazishi. Lorraine akamshika mkono: "Anko, usitusukume." Phares pia alikuwa ameandika kwamba Seth ameacha pengo. Elsie akalifuta. "Hilo neno limemtisha miaka yote."

Basi Phares, asiyeogopa mtu Shauri Moyo nzima, ameisoma hii kadi mara tatu kabla ya kuwasomea.

Lala sasa, Seth. Tumesoma tena. Mbele ya jina lako hakuna kitu.