Kura Sitini za Farasi wa Mjane

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na mlango wa karakana ya sigara hapa Placetas, na ukikaa mwisho kabisa miguu inapigwa jua. Saa sita tukitoka kusokota tunakaa wanne, wale wale: Fermina mwenye chupa ya kahawa, Redio ambaye hajazimwa tangu azaliwe, mzee Evelio, na mimi wanayeniita Mapengo, sababu utaiona nikicheka. Siku hiyo ilikuwa ya kura. Karakana yetu, kama nyingine nyingi Kuba, ina msomaji: sisi tunasokota, Zoraida anakaa kwenye jukwaa lake anatusomea, asubuhi gazeti, mchana hadithi. Kitabu kikiisha, kila mtu anaandika kwenye kikaratasi anachotaka kifuate. Tulikuwa tumeshatumbukiza vikaratasi vyetu, Zoraida amebaki ndani akihesabu, na ubishi ulikuwa mmoja tu: turudie *Farasi wa Mjane Olivares*, kitabu tulichosomewa mara saba, au tuchukue kile kipya cha daktari wa meno anayeua wagonjwa wake.

— Mimi nimempigia daktari wa meno, — Redio alianza kabla hajakaa. — Nasema mapema, mtu asije akanisingizia.

— Na mimi, — Fermina akasema huku anamimina. — Yule farasi nimemchoka. Tukikutana barabarani tutasalimiana.

— Mimi pia, — nikasema.

Tukamgeukia Evelio. Wiki nzima alikuwa amepita meza kwa meza akimpigia farasi kampeni kama mgombea wa ubunge. Amesokota miaka arobaini na mitatu. Jani la tumbaku analisoma kwa vidole, lakini herufi za kitabu hazioni tena, na nyumbani hana wa kumsomea. Mwisho wa Novemba anastaafu. Kitabu kitakachoshinda leo ndicho cha mwisho atakachosikia akiwa mezani kwake, na hilo wote tulilijua.

— Mzee, hebu tusaidie, — Redio akasema. — Yule farasi anazama mtoni sura ya kumi na moja. Amezama mara saba. Unadhani safari hii amejifunza kuogelea?

— Hajazama, — Evelio akajibu taratibu. — Amechukuliwa na maji. Hakuna aliyeuona mzoga.

— Haya sasa. Mzee yuko ukingoni na taulo, anamsubiri.

Tulicheka, naye akacheka kidogo.

— Nitawaambia kwa nini watu wanarudia vitabu, — Redio akaendelea. — Uvivu wa masikio. Sikio likizoea njia halitaki nyingine. Punda wa mjomba wangu alikuwa hivyo hivyo. Jumapili moja mjomba kampandisha mkewe waende kanisani, punda akawapeleka moja kwa moja mpaka kwa hawara.

— Acha uongo wako, — Fermina akamkata. — Siyo masikio, ni vumbi la tumbaku. Linapanda puani, linafuta kichwa. Mimi ile barua ya mwanasheria nimeisikia mara ya tano tu. Mara nne zote jani lilikuwa linanichanikia, niko nalo nalibembeleza, nikija kuinua kichwa mjane ameshahama nyumba.

— Kwa hiyo hujasikia kitabu mara saba, — nikamwambia. — Umesikia vipande vipande.

— Na kipande cha harusi bado sijakipata vizuri.

— Umesemaje? — Redio akauliza.

— Nimesema kahawa inapoa, kunywa.

Na mimi nikatoa yangu. Nikawaambia kitabu ndicho kinachomrudia mtu. Kinakuja kuangalia kama umeacha ujinga. Mara ya kwanza mjane alipomfukuza mwanawe nilisema safi sana, mama mwenye msimamo. Siku hizi nina mwanangu Havana ambaye hapigi simu, na mara ya saba nilimwona yule mama ana roho mbaya, nikakosa hamu ya kula.

— Hiyo ni gesi, Mapengo, — Redio akasema. — Ukweli ni wa kitaalamu. Ukijua mwisho, moyo hauruki. Moyo usioruka hauchoki. Shemeji yangu ana ng'ombe anamsomea utabiri ule ule wa hali ya hewa kila siku, mwaka wa nne huu, na anatoa maziwa ya ng'ombe wawili.

— Shemeji yako anamsomea ng'ombe?

— Shida iko wapi? Mimi namsomea mbuzi.

Fermina nusura amwage kahawa. Alipopata pumzi akasema mtu akishaanza kusomea mbuzi ajue lango limeshafungwa, kama alivyosema mjane siku ya mafuriko, «funga lango».

— Hakusema funga lango, — Redio akaruka. — Alisema, «Acheni lango wazi, anajua njia ya nyumbani.» Na alisema amesimama, kashika taa mkono wa kushoto.

— Kwa mtu aliyekichoka, umekikariri vizuri.

— Nimekichoka ndiyo maana nimekikariri.

Evelio aliegemeza kikombe kwenye goti.

— Mnataka kujua kwa nini? — akasema. — Mara ya kwanza tuliposomewa, Nieves alikuwa mgeni, wamempa meza ya kushoto kwangu. Hatukuwa tumezungumza zaidi ya shikamoo na kwaheri. Farasi alipoingia mtoni, Nieves akaweka chini kisu chake cha tumbaku, akanikamata mkono mbele ya watu wote. Akasema, «Usiniambie amekufa.» Nikamwambia hajafa. Tukaoana, na mpaka tunamzika sijabadilisha jibu. Sura ile ikifika nageuza kichwa kushoto. Najua hayupo, sijachanganyikiwa. Lakini nageuza, na kwa ukurasa mmoja hivi nafurahi. Nyumbani haitokei. Ni pale mezani tu.

Redio alikoroga kahawa yake kwa kidole, ingawa haikuwa na la kukorogwa.

— Hata hivyo kura ni kura, mzee, — akasema mwishowe. — Mimi nimeshampigia daktari.

— Najua. Wiki nzima nawasikia mnavyolalamika. Ni haki yenu.

Ndipo Yamila akatoka mlangoni. Huyu ni msokotaji mpya, ametoka Camagüey, siku yake ya tatu. Aliye chini ya mwezi hapigi kura, kwa hiyo Zoraida alikuwa amemchukua amsaidie kuhesabu.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti, — Fermina akamsogezea nafasi. — Lete habari.

— Farasi sitini. Daktari wa meno moja.

Redio alipaliwa, nikampiga mgongoni. Wapiga kura wote tuko sitini na mmoja.

— Wameiba, — akasema alipoweza. — Hiyo haiwezekani.

— Ile moja hata Zoraida ilimshangaza, — Yamila akaendelea. — Herufi kubwa hivi, moja juu, moja chini. Karatasi imejaa mpaka neno «meno» likaandikwa nyuma.

Karakana ina mtu mmoja tu anayeandika hivyo, kwa sababu ni mmoja tu asiyeona anachoandika. Evelio aliinamia viatu vyake.

— We mzee, — Fermina akasema polepole. — Kwa nini?

— Mlisema mmechoka. Mimi naondoka Novemba, nyinyi ndio mnaobaki na vitabu. Nikaona niwaachie chenu.

Yamila alitutazama mmoja mmoja.

— Samahanini, mimi mgeni, sijaelewa. Tangu asubuhi kila meza nasikia wanampigia daktari. Na hapa nyote mnasema daktari. Sasa hizo sitini ni za nani?

Fermina akafungua chupa, akachungulia ndani, akaipindua. Tone moja. Mimi nilikuwa na jibu, lakini kamba ya kiatu changu ilitaka kufungwa upya, na nyingine pia. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja. Redio alizimika, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mpaka kengele ya kurudi kazini ilipolia.

— Sura ya kumi na moja itaangukia wiki ya pili ya Oktoba, — akasema akiinuka. — Alhamisi. Siyo kwamba nimehesabu.

Evelio akatoa kisu chake mfukoni mwa aproni, akakigonga ubavu kwenye ubao wa benchi, mara mbili, kama tunavyomgongea msomaji akisoma vizuri. Kisha akamshika Redio bega, kwa kuwa pale mlangoni pana ngazi, tukaingia.