Jina la Mama Kwenye Barua

Asubuhi ndani ya basi, mbele yangu, karani wa shule alikuwa akimsimulia mshona nguo mmoja wa makamo aliyeketi naye. "Barua naandika moja tu, mama. Majina na anwani za wazazi, kompyuta inajaza yenyewe kutoka kwenye orodha. Juzi ikamwalika kwenye kikao cha wazazi mama aliyefariki mwaka jana."

"Maskini! Na mumewe?"

"Alikuja ofisini. Nikajua leo nimekwisha. Nikamwomba radhi, nikamwambia jina nalifuta sasa hivi. Akanizuia. 'Usilifute, dada. Binti yangu ameibandika barua ile ukutani. Anasema shule bado inamkumbuka mama yake.'"

Mshona nguo akatikisa kichwa. "Mimi ningefuta, mwanangu. Mtoto atamngoja mama yake mpaka lini?"

"Mwalimu mkuu naye anasema hivyohivyo. Lakini kidole kinagoma."

"Basi mwandikie baba peke yake."

"Na binti akiuliza?"

Basi likasimama mbele ya shule. Karani akashuka bila haraka, ingawa kengele ilikuwa imeshalia.