Rekodi ya Mwaka wa Mafuriko

Mtumbwi wa kuvukia Garsen ulikuwa katikati ya mto wakati Kadii, mmoja wa abiria, aliposikia mama mmoja akimlalamikia mzee aliyekaa mbele yake. "Rekodi ya mita elfu moja mia tano pale shuleni ina miaka ishirini na tano, haivunjiki. Hope wangu kajaribu mara tatu. Jana ametupa viatu, anasema mbio si zake tena."

"Haitavunjika, mama, usimlaumu mtoto," mzee akasema. "Saa niliishika mimi. Ulikuwa mwaka wa mafuriko, maji yamemeza nusu ya kiwanja, tukawakimbiza wasichana kwenye nusu iliyobaki." Mama akauliza, "Mizunguko mkaongeza?" "Ya nini? Minne kasorobo, kama kawaida."

Hata mpiga kasia aliacha kupiga. "Ati nusu?" mama akapaza sauti. "Na ukanyamaza miaka yote hiyo?" "Hakuna aliyeniuliza," mzee alijibu, kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa njia. Kadii aligundua mdomo wake uko wazi, akaufunga.

Mtumbwi ukagusa ukingo. Mama alishuka wa kwanza, akamnyooshea mzee mkono. "Teremka, baba. Hope yuko nyumbani, utamweleza wewe mwenyewe." Mzee akaushika ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili, asiinuke.