Mita Moja Ambayo Kaka Hakuiandika

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, wa kike, na nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu wenzangu wanalia. Nami nalia, ila machozi hayanizuii kuona. Nimewaona walioleta hema hili. Hema la kampuni inayotaka kufukia machimbo ya kokoto, kwenye msiba wa mtu aliyewapinga miaka miwili! Haya, kivuli ni kivuli. Ahsanteni.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya kule chini karibu na mto, ambamo mama yetu anaishi mpaka leo. Tangu utotoni hakuamini kitu hadi akiguse. Mama akimwambia uji bado wa moto, yeye anatia kidole. Aliungua mara ngapi, mama ndiye ajuaye.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1964, akamaliza sekondari mwaka 1974. Mwalimu wa hesabu alimwandikia kwenye ripoti: "Ana bidii, lakini anataka kujua majibu ya nyuma ya kitabu kayaandika nani."

Mwaka 1976 aliajiriwa na idara ya maji kama msoma kipimo. Asubuhi na jioni alishuka darajani, akasoma rula ndefu ya chuma iliyofungwa kwenye nguzo, akaandika daftarini mto umefika wapi. Alifanya hivyo miaka arobaini na moja, mvua na jua, na watu wakamwita Bwana Rula. Sokoni alikuwa kero. Nyanya moja aligeuza mara nne, na muuzaji akimwambia, "Mzee, hiyo nyanya, siyo mchumba," alijibu, "Mchumba nilimkagua zaidi."

Na kweli. Tarehe 2 Juni 1984 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani. Siku aliyokwenda kujitambulisha, alisahau hata kumwamkia mkwe wake. Alisimama akiukodolea macho mstari wa tope ukutani. "Haya mafuriko ya mwaka gani?" akauliza. Mkwe akasema, "Kijana, umekuja kuposa au kukagua usafi?" Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Walijaliwa binti wawili na mwana mmoja.

Sasa nifike penye uchungu. Mnajua kwamba yale machimbo ndiyo yanayomeza maji mto ukifurika. Kampuni ilipoyanunua ili iyafukie na kujenga nyumba, ilitoa ripoti. Ripoti ikasema mafuriko makubwa kuliko yote, ya Aprili 1989, yalifika mita nne, na wao watajaza udongo hadi mita nne na nusu kwa rula ya darajani. Salama kabisa. Kaka alisimama mkutanoni akamnyooshea kidole injinia wao: "Mmechezea namba! Maji yale niliyaona mimi, yalikuwa juu ya hapo!" Injinia akamjibu kwa adabu, "Mzee, namba tumezitoa kwenye daftari lako."

Kuanzia siku ile kaka hakumwamini mtu. Alimshuku injinia, akaishuku idara, akamshuku karani wa makavazi kwamba amechana ukurasa. Hata mimi alinishuku, kwa kuwa nilitia sahihi ile fomu ya kukubali ujenzi. Nilimwambia, "Kaka, wewe ungemshuku hata maiti." Mungu anisamehe.

Mwezi Mei mwaka huu idara ilimruhusu kufungua madaftari yake ya zamani. Alirudi, akakaa jikoni kwa wifi bila kuvua viatu. Hakuna aliyechana ukurasa. Uchimbaji wa kokoto ulikuwa umeteremsha mto mpaka rula ikabaki hewani, na tarehe 3 Agosti 1994 yeye na fundi mmoja waliifungua wakaishusha mita moja. Kabla hajaandika, akaitwa hospitali: mwanawe wa mwisho anazaliwa. Alikwenda mbio, na asirudi tena kwenye ule mstari. Miaka yote alikuwa anaijumlisha ile mita kichwani mwake, akidhani ipo daftarini. Kwa hiyo mita nne za 1989 ni mita tano kwa rula ya leo, na mafuriko kama yale yakirudi, nyumba zile mpya zitakaa nusu mita chini ya maji. Sisi wa kule chini, maji yakiwa hayana tena shimo la kuingia, msiniulize.

Alipeleka taarifa idarani. Wakamwambia alete shahidi. Yule fundi yupo hai, na kaniambia hakumbuki. Hakumbuki! Lakini bao aliloifunga timu ninayoishabikia mwaka huohuo analisimulia kila Jumapili.

Figo zilimsumbua tangu mwaka jana. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024, saa nne asubuhi, hospitalini. Nilimuuliza daktari mara tatu kama ni figo kweli, na mara tatu akasema ni figo. Nimekubali. Siku mbili kabla, kaka aliniambia, "Usinipambe. Andika nilichokosea, uchapishe mia tatu." Maneno yake, yenye sahihi yake na ya muuguzi, yapo ukurasa wa nne wa kijitabu mlichoshika: *Tarehe 3 Agosti 1994 niliishusha rula mita moja, sikuandika. Matundu ya nati za zamani bado yapo kwenye nguzo. Kapimeni.* Kikao cha kuidhinisha ujenzi ni Jumatano. Injinia, nakuona safu ya tatu. Nakala yako usiikalie.

Marehemu ameacha mama wa miaka themanini na tano, mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake wanne.

Pumzika kwa amani, kaka. Umeshaandika.